Ndege Aliyekataa Kuruka

Aliyemwona ndege yule kwanza alikuwa mpima macho, na ndiyo maana hakuna aliyethubutu kubisha.

Duka lake la miwani lilikuwa kwenye kona, katikati ya duka la mikate na mahali pa kufulia nguo. Kwa miaka ishirini na mbili kila mtu wa mtaa ule alikuwa ameketi kwenye kiti chake cheusi, akazibwa jicho moja kwa kijiko cha plastiki, akasomeshwa herufi za ukutani. Watu walimwita Daktari. Hakuwa daktari, lakini alikuwa ameacha kukanusha tangu mwaka wa tatu. Ukikutana naye barabarani alikutazama macho kabla ya kukusalimu, kisha akasema, "Lile la kushoto linachoka," na kweli, ikifika jioni, la kushoto ulilisikia limechoka.

Yeye mwenyewe hakuvaa miwani. Alijivunia hilo kama mzee anavyojivunia meno yake yote.

Mambo ya ndege hakuyatafuta, yalimfuata nyumbani. Mwezi wa kumi mama mkwe wake alikuja kukaa wiki tatu, nyumba yake ikiezekwa upya. Mama huyu alikuwa amefanya kazi ya opereta wa simu kwa miaka thelathini na moja, enzi zile za kuunganisha watu kwa nyaya, na alikuwa na masikio ambayo hata ustaafu haukuyagusa. Mtu akivuta pumzi tu upande wa pili, yeye alishamjua ni nani, anamtafuta nani, na kama ana nia njema.

Tatizo halikuwa ugomvi. Laiti wangegombana! Tatizo lilikuwa heshima. Mkwe na mama mkwe waliheshimiana mpaka nyumba ikawa haikaliki.

"Keti, mama."

"Hapana, mwanangu, keti wewe, umetoka kazini."

"Siwezi kuketi na wewe umesimama."

"Basi na mimi nitasimama nikusubiri."

Wakasimama hivyo, kila mmoja upande wake wa kochi, mpaka taarifa ya habari ikaisha. Mke wa mpima macho alikuwa msahihishaji wa vitabu, na kazi yake aliifanyia kwenye meza ya sebuleni. Siku ya nne alivua kofia ya upole. "Nina kurasa mia tatu za kamusi hapa," alisema, "na ninyi mnapishana mlangoni kama milango imekatazwa. Jumamosi mnatoka. Wote wawili. Nendeni mkahesabu ndege."

Nyuma ya nyumba za mtaa ule kulikuwa na bustani ya wote: nyasi, mabenchi matatu, mtaro wa maji, mti mmoja mrefu uliokauka kileleni, na kichaka kinene nyuma ya mapipa ya taka. Ukipita na haraka zako hukuona kitu. Lakini kila mwaka msimu ule ndege wadogo waimbaji, wanaotoka kaskazini ya mbali wakielekea kusini, walishuka pale. Walikaa siku mbili tatu wakila wadudu na kupumzisha mbawa, kisha wakaondoka bila kuaga.

Kikundi cha kuwahesabu kilikuwa na watu kumi na mmoja. Mwenyekiti wao alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni, na alikuwa na jambo moja lililomkosesha usingizi. Halmashauri ilitaka kukifyeka kile kichaka. Baada ya barua kumi na saba ilikubali kwamba orodha ya bustani ikifikia aina arobaini za ndege, kichaka kitabaki. Na orodha ilikuwa na aina thelathini na tisa. Ilikuwa thelathini na tisa mwaka huu, mwaka jana, na mwaka juzi.

Jumamosi ya kwanza mpima macho alifika na darubini mpya, nzito kama jozi ya matofali. Mama mkwe alifika na kitambaa chake cha kufuma.

"Kuna mmoja hapo kushoto," mama mkwe alisema, hata bila kuinua kichwa. "Mdogo. Anauliza 'hwii?' kama mtu aliyepigiwa namba isiyo yake. Na mwenzake yuko nyuma yako, mwanangu. Huyo ana haraka."

Watu wakageuka. "Yupo! Yule! Kwenye tawi la chini!"

Mpima macho alielekeza darubini kwenye tawi la chini. Aliona kijani. Akazungusha gurudumu la katikati. Kijani kikawa kijani kingine.

"Umemwona, Daktari?" aliuliza mwenyekiti.

"Nimemwona," alisema mpima macho.

Uongo ni kama karanga, huli moja tu. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa ameona ndege kumi na wanne ambao hakuwaona, na watatu kati yao alikuwa amewasifia rangi.

Jioni alikuwa na huzuni ambayo hakuweza kumwambia mtu. Mke wake alimuuliza kama matembezi yalikuwa mazuri, akajibu darubini ina kasoro, atairudisha ilikotoka.

Ndipo ikaja Jumatano. Mchana, akipita bustanini peke yake kuelekea nyumbani kula, aliinua macho kwenye mti mrefu, na pale juu, kwenye kilele kikavu, alikuwepo. Mweupe. Kichwa cha duara, mkia umechanua kama sketi ya densi, amekaa wima, ametulia. Mpima macho alifikicha macho, akatazama tena. Bado yupo! Alichukua darubini, aliyokuwa bado hajairudisha. Bado yupo, tena mkubwa zaidi! Kwa mara ya kwanza maishani ndege alikuwa amemkubalia kuonekana. Machozi yalimlengalenga, hali iliyozidi kumfanya ndege yule apendeze.

Chakula cha mchana alikisahau. Alikimbia hadi kwa mwenyekiti, na mwenyekiti akapuliza filimbi.

Walikuja wote. Mwokaji wa mikate alikuja na unga mpaka viwikoni. Fundi bomba, ambaye mtaa mzima ulimwita Ndiyo kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumsikia akipinga jambo, alikuja na ufunguo wake mkubwa wa bomba begani. Walitazama juu.

Kwa kweli, kitu kilikuwa mbali na jua liliwapiga usoni. Baadhi yao walishangaa kidogo. Lakini mtu anayekupima macho akikuambia ameona ndege, wewe uliyeshindwa mstari wa tano utasema nini?

"Mnamwona?" aliuliza mpima macho.

"Ndiyo," alisema Ndiyo. "Anapepesa."

"Mimi nimemsikia akiimba," alisema mwokaji, maana hakutaka kuachwa nyuma. "Sauti nyororo."

Mwenyekiti alikifungua kitabu chake cha ndege na kukipekua kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kutoka mwisho hadi mwanzo. Ndege mweupe mwenye mkia kama sketi hakuwemo. "Hayumo," alinong'ona. "Jamani, hayumo kitabuni! Ni wa arobaini!"

Jioni ile ile aliandika barua kwenda makumbusho, akiomba mtaalamu.

Alhamisi ndege alikuwa pale pale. Ijumaa vilevile. Mwenyekiti alieleza kwamba ndege aliyesafiri maelfu ya kilomita ana haki ya kuchoka. Ijumaa mchana ilinyesha mvua kubwa, paka wakajificha chini ya magari, na ndege hakusogea hata unyoya. Watu wakaanza kumheshimu. "Huyo ana msimamo," alisema mwokaji. "Wangekuwa viongozi wetu hivyo." Mpima macho alizunguka mtaani kifua mbele. Alipokea pongezi kama mtu aliyejifungua.

Nyumbani, jikoni, mama mkwe alikuwa akimenya viazi na binti yake.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "yule ndege wa mumeo hapumui."

Binti aliweka kisu chini. "Mama, na wewe unaona mpaka kule juu?"

"Mimi sizungumzii kuona. Nimekaa chini ya mti ule saa mbili nikifuma. Ndege mdogo hawezi kunyamaza. Hata akilala anaguna. Yule amenyamaza kama simu iliyokatwa."

"Basi mwambie."

"Mimi? Nimelala kitandani kwake siku kumi na moja, nikamwambie mwenye nyumba kwamba ndege wake si mzima? Mwambie wewe, ni mume wako."

"Mimi jana nilimuuliza kama ana uhakika. Akaniangalia kwa huruma, akaniambia jicho langu la kulia linachoka."

Mama mkwe alimenya kiazi kizima. "Ndiyo hayo," alisema mwishowe. "Nyani haoni..."

"Mama!"

"Nilitaka kusema haoni mbali."

Jumamosi asubuhi bustani ilijaa. Walikuwa watu zaidi ya arobaini, wengine na viti vyao. Mwokaji alileta mikate midogo yenye umbo la ndege, mkia umechanua. Mtaalamu wa makumbusho alikuwa dada mmoja mpole, mwenye buti zenye matope na darubini ndefu ya kusimamishwa kwa miguu mitatu. Alisalimia watu, akasimamisha miguu yake mitatu, akaielekeza darubini kileleni, akainama.

Alitazama. Akainuka, akaifuta lenzi kwa shati. Akainama tena, akakaa huko muda mrefu.

"Vipi?" mwenyekiti aliuliza. Filimbi ilikuwa mdomoni tayari.

"Ana maandishi," alisema mtaalamu.

Mwenyekiti aliruka. "Pete! Jamani, ana pete! Ndege wa utafiti hufungwa pete mguuni! Imeandikwa nchi gani?"

"Si pete, mama. Maandishi yako kichwani."

"Yanasemaje?"

Mtaalamu alisita, kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri. "Yanasema: 'Usitumie kwenye mvua.'"

Mtu mmoja nyuma, aliyekuwa na wajukuu, alisema polepole, "Huo si ule mpira wa manyoya? Ule wa kuchezea badmintoni?"

Ulikuwa huo. Mtu yeyote aliyejua sasa aliweza kuuona: kichwa cha mpira, manyoya yamechanua, umekwama kwenye matawi makavu. Watu wakaanza kuvitazama viatu vyao. Mwokaji, aliyemsikia akiimba, alikuwa na kazi kubwa ya kupanga mikate upya. "Ndiyo," alisema Ndiyo, akikuna shingo. "Ndiyo maana jana kwenye mvua alikuwa mnyonge."

Mpima macho alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na darubini yake. Ardhi haikupasuka. Basi akaamua kuvaa miwani ya mbao, aina pekee ambayo dukani kwake hakuwahi kuiuza. "Nilikuwa nawapima," alisema, akicheka kicheko kikavu. "Nilitaka kujua kama mko makini."

Hakuna aliyecheka naye. Mwenyekiti alikifunga kitabu chake taratibu, akaketi kwenye benchi, akaitazama filimbi kama kitu alichookota njiani. Kumwona mwanamke yule ameketi hivyo, mabega yameshuka, kulimuuma mpima macho kuliko aibu yenyewe.

"Nyamazeni!"

Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Wiki ile nzima hawakuwahi kuisikia sauti hii. Ilikuwa sauti ya kazini, iliyokuwa ikiwakata mawaziri katikati ya sentensi. Hata watoto waliokuwa kwenye nyasi waliganda.

"Nyamazeni wote. Kuna simu ya mbali."

Aliweka kitambaa chake benchini, akatembea kwa ncha za viatu kuelekea mapipa ya taka. Mtaalamu akamfuata. Mama mkwe alisimama mbele ya kichaka, kichwa amekiinamisha upande, mkono mmoja sikioni kana kwamba amevaa bado vile visikilizio vya ofisini.

Mwanzoni hawakusikia kitu ila gari lililopita. Kisha, kutoka ndani kabisa ya kichaka, ikaja sauti: mluzi mmoja mrefu, halafu mlolongo wa kububujika kama maji yanayotoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba, halafu kigugumizi kikavu, halafu mluzi tena. Ilikuwa sauti kubwa kuliko kichaka.

Uso wa mtaalamu ulibadilika. Alimshika mama mkwe mkono bila kumwomba ruhusa. "Mama," alinong'ona, "umemsikia saa ngapi?"

"Tangu niketi. Lakini kulikuwa na watu wanazungumza kwenye laini."

Walisubiri dakika ishirini, watu arobaini wamechuchumaa nyuma ya mapipa ya taka, na hakuna aliyelalamikia harufu. Hatimaye alitoka. Ndege mdogo wa kahawia, wa kawaida kabisa, ambaye ungempita mara mia, ila mkia wake ulikuwa na wekundu kama chai iliyokolea. Aliruka hatua tatu juu ya ganda la ndizi, akala mdudu, akawatazama wote kama watu waliochelewa mkutanoni, akarudi kichakani.

Ndege huyu alikuwemo kitabuni. Mahali ambapo hakuwemo ni kwenye orodha.

Mwenyekiti hakupuliza filimbi. Alilia, akamkumbatia mama mkwe, akamkumbatia mtaalamu, akamkumbatia Ndiyo, ufunguo wake wa bomba ukianguka kwenye vidole vya mtu. Kisha akatoa fomu ya halmashauri. Fomu ilikuwa na nafasi moja ya jina, nayo ilisema: *Aliyemwona kwanza.*

"Nani kamwona kwanza?" aliuliza, kalamu juu.

Watu walitazamana. Kwa mazoea ya miaka ishirini na mbili, nusu yao walimtazama mpima macho.

Alikuja mbele. Alichukua kalamu, na mwenyekiti akakunja uso. Lakini mpima macho alikata neno "Aliyemwona", akaandika juu yake "Aliyemsikia", kisha akaandika jina la mama mkwe wake kwa herufi kubwa. Aliandika pua ikikaribia kugusa karatasi.

"Na mimi niseme ukweli," alisema, bila kumtazama mtu. "Huyo ndege wa sasa hivi sikumwona. Wa wiki iliyopita pia sikuwaona, hata mmoja. Mapipa yenyewe nayaona kwa kukisia. Mwenyekiti, naomba radhi."

"Ndiyo," alisema Ndiyo kwa upole, na safari hii lilikuwa neno zuri.

Jumatatu baada ya kazi, mpima macho alifunga mlango wa duka, akavuta pazia, akaketi kwenye kiti chake cheusi upande ambao hakuwahi kuuketia. Mke wake alishika kijiko cha plastiki. Mama mkwe alisimama kando ya herufi na fimbo ya kuonyeshea.

"Mstari wa mwisho," alisema mama mkwe.

"Ule ni mdogo mno kwa mtu wa..."

"Mstari wa mwisho, mwanangu."

Mpima macho alivuta pumzi. Kisha akausoma wote bila kukwama, herufi nane, kwa sauti safi ya mtangazaji. Alitabasamu. "Mnaona? Huenda ni uchovu tu."

Mama mkwe na binti yake walitazamana.

"Hongera," alisema mama mkwe. "Umeisoma vizuri sana aproni yangu."

Alikuwa ameitundika juu ya herufi tangu walipoingia. Ya bluu, yenye madoa ya karoti. Mke wa mpima macho alicheka mpaka akaketi sakafuni, kijiko mkononi, na kila alipojaribu kusimama alilitazama doa la karoti akaketi tena.

"Mganga hajigangi," alisema mama mkwe, akivua aproni ukutani. "Ulipewa cheti na ubao ulioukariri. Sasa tutatumia kalenda yangu, hujawahi kuiona." Na wakatumia kalenda. Kwenye mwezi wa saba mpima macho aliona picha ya ng'ombe, akasema ni basi.

Miwani yake ilikuwa tayari Ijumaa. Aliitengeneza mwenyewe, akatumia saa nzima kuchagua fremu, akawa msumbufu kuliko mteja yeyote aliyewahi kumhudumia. Alipoivaa alimtazama mke wake kwa muda mrefu, na mke wake akaingiwa na wasiwasi.

"Nini?"

"Hakuna. Macho yako yote mawili ni mazima. Nilikusingizia."

Jumamosi waliwahi bustanini kabla ya wengine. Nyasi zilikuwa na umande bado. Mama mkwe aliketi, mkwe wake akaketi bila kumbembeleza, kila mmoja mwisho wake wa benchi, na kitambaa cha kufuma katikati.

"Hwii?" iliuliza sauti mahali fulani.

"Tawi la chini," alisema mama mkwe. "Anakuja kulia."

Mpima macho aliinua darubini juu ya miwani, akaishusha, akaivua miwani, akairudisha, akakumbuka kwamba hayo yote huwaambia wateja wasifanye. Alizungusha gurudumu la katikati. Kijani kikagawanyika kikawa majani. Majani yakawa na kingo. Na katikati ya majani mawili alikaa ndege mdogo kuliko kidole gumba, mgongo wa zaituni, kifua cha manjano iliyofifia, miguu kama njiti za kiberiti. Alikuwa akimgeuza kiwavi mdomoni, na juu ya jicho lake, kutoka mdomoni hadi kisogoni, ulipita mstari mwembamba wa rangi ya siagi.

"Mama," alisema mpima macho.

"Sema taratibu."

"Ana nyusi!"

Hakusema taratibu. Alipiga kelele, na ndege akapotea. Mama mkwe akamchapa begani na kitambaa cha kufuma, jambo ambalo wiki mbili nyuma lingehitaji kuombewa radhi na pande zote mbili.

"Umemfukuza!"

"Ana nyusi, mama! Mtu kutoka mbali kote huko, mdogo vile, na nyusi juu!"

"Na wewe una mdomo. Ufunge, watarudi."

Akaufunga. Walisubiri, suruali zikiloana umande. Baada ya muda sauti ikauliza tena, upande mwingine, na nyingine ikamjibu, na nyingine. Kabla ya wenzao kufika na chai walikuwa wamehesabu kumi na tisa, na kila mmoja alikuwa na nyusi.